Kabla ya ruzuku kuna jibu

Iringa, Jumapili usiku, baridi kali

Nimeshinda na noti za sosholojia leo na kuna jambo halitoki kichwani, kwamba serikali kabla haijaamua impe nani hela na kwa sharti gani, tayari inayo jibu lake la kwa nini huyo mtu ni maskini, hata kama hakuna waziri anayelitamka.

Uingereza mwaka 1979 mwanasosholojia Peter Townsend alionyesha kwamba umaskini sio njaa tu, ni kushindwa kuishi kama wenzako wanavyoishi kawaida, na ukimkubali huyo lazima uguse mishahara, nyumba, pensheni. 1989 akaja Charles Murray, mwandishi wa mambo ya sera toka Marekani, akasema hapana, hizo hela za serikali ndo zinazalisha tabaka lisilotaka kazi na watoto wasiolelewa na baba zao, na wanasiasa wa mrengo wa kulia wakaipenda sana hoja yake. Maskini ni walewale, ila dawa zimepishana kabisa.

Sasa huku kwetu Tanzania kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012, majina yanapendekezwa kwenye mkutano wa kijiji, na sehemu ya ruzuku ina sharti, mtoto aende shule, mdogo apelekwe kliniki. Hela inasaidia watu, hilo nalitetea popote. Ila sharti linaniuma, maana ndani yake kuna wazo kwamba mzazi maskini asiposukumwa hajali, na mimi nimekulia Makete, mkoani Njombe, nimeona mtoto anakosa shule kwa sababu bibi anaumwa na hakuna mwingine wa kuchota maji na kumkorogea uji!

Mkoa wetu huo uliongoza nchi kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4 ya watu wazima kwenye utafiti wa 2016-17, na tangu zamani mabibi wamebaki na wajukuu. Familia ya baba, mama na watoto ambayo sera nyingi zinaiwaza, kwenye nyumba nyingi kule haipo. Wanasosholojia wa kifeministi walishapiga kelele tangu miaka ya 70, kwamba kulea na kuuguza ni kazi, serikali inaiegemea bure na haiihesabu.

Ningepata nafasi kwa wanaopanga vigezo vya kaya ningewaomba waulize nani anamuuguza nani humu ndani, na mtoto akikosa shule kwa sababu hiyo nyumba isikatwe hela, ipelekewe mtu wa kusaidia.