Unga wa jiwe la volkano kwenye banda langu la Mikindani

Ukitaka kujua hali ya banda lako la kuku, usiishie mlangoni. Ingia, chuchumaa mpaka pua yako ifike ilipo pua ya kuku, kisha vuta pumzi. Nilijifunza hivyo Februari ya mwaka juzi, mvua zimekolea hapa Mikindani, Mtwara, maranda yamelowa hadi ukiyafumbata yanabaki donge. Nikiwa nimesimama nilisikia harufu ya kila siku tu. Nilipochuchumaa kumwokota kuku aliyefumba jicho moja, machozi yalinitoka. Kuku wangu 200 wa mayai walikuwa wanaivuta hewa ile usiku na mchana.

Ile ni amonia. Kinyesi kikipata unyevu, bakteria hukivunja na gesi hiyo hutoka. Huwachoma kuku macho, hudhoofisha mapafu, na mayai hupungua. Binamu yangu anayefuga Dar es Salaam aliponisikia nikilalamika kwenye simu akasema, "Dada, tafuta zeolaiti, unga wa jiwe la volkano linalonasa amonia."

Nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa kiroba cha unga mweupe, nikaambiwa ndiyo yenyewe. Wiki nzima banda halikubadilika. Nikachota kijiko cha ule unga, nikakamulia limau: ukafoka povu. Ilikuwa chokaa ya kuku, mawe ya chokaa yaliyosagwa, ile tunayochanganya kwenye chakula ili ganda la yai liwe gumu. Chokaa naithamini, lakini sikwenda kununua chokaa, na pesa ile ilikuwa ya chakula cha kuku. Tangu siku hiyo natembea na limau. Halitakwambia kwamba unga ni zeolaiti, ila chokaa italiumbua palepale.

Ya kweli ilikuja na lori la mizigo, kiroba cha kilo 25 kilichoandikwa klinoptilolaiti, aina mojawapo ya zeolaiti, kutoka Uturuki, unga wa kijivu wenye chenga za kijanikijani. Nilidondosha chenga chache kavu kwenye glasi ya maji, nikainama kuangalia. Kila chenga ilianza kutoa uzi mwembamba wa vipovu, hewa iliyokuwa ndani inafukuzwa na maji. Wanangu waliacha chai yao kuja kutazama.

Kwetu kusini jiwe hili usilitafute. Sisi ni watu wa mchanga mwekundu na matumbawe. Zeolaiti nyingi huzaliwa pale majivu ya volkano yanapoangukia ziwa lenye magadi, au yanapolowa maji ya ardhini kwa miaka mingi mno. Kioo kilichomo kwenye majivu huyeyuka polepole na kujipanga upya kuwa fuwele. Bonde la Olduvai, ambalo wengi tunalijua kwa mafuvu ya kale, lina matabaka ya majivu yaliyogeuka hivyo. Kwa hiyo nchi yetu inalo jiwe la jamii hii, nami nanunua lililovuka bahari. Nalifikiria hilo kila ninapolipia mzigo.

Jiwe hili lilipewa jina na Msweden mtaalamu wa madini, Axel Fredrik Cronstedt, mwaka 1756. Alilipasha jiwe moto, likatoa mvuke na kufura, akaliita kwa Kigiriki jiwe linalochemka. Maji yale yalikuwa yamekaa ndani ya vijitundu vya fuwele, vyembamba chini ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Fuwele yenyewe ni kiunzi cha silika na alumini chenye chaji hasi, na ili kutulia hushikilia sodiamu, potasiamu na kalsiamu, lakini haizing'ang'anii. Amonia ikiyeyuka kwenye unyevu wa maranda hugeuka amoniamu yenye chaji chanya. Inaingia, sodiamu inatoka. Jiwe linabadilishana.

Hili la kubadilishana ndilo lililonifanya nimkatalie jirani yangu mwenye mabwawa ya mwatiko. Alitaka nusu ya kiroba ayatie bwawani. Nikamwambia, "Kaka, maji yako ni ya bahari. Sodiamu imejaa humo, itawahi nafasi zote na amonia itabaki nje." Angekuwa na sato wa maji baridi ningempa kwa moyo mmoja, tena jiwe likishajaa angeliloweka kwenye maji ya chumvi likaachia amonia, likatumika upya. Na chumvi hapa Mikindani si kitu cha kuhangaikia.

Bandani nilitoa maranda yote mabichi kwanza, nikapanua madirisha upande wa kusi, nikatandika makavu, ndipo nikanyunyiza. Unga haushindi banda linalovuja. Kosa langu lilikuwa kunyunyiza nikiwa nimejifunga kanga tu puani, nikakohoa hadi jioni. Sasa navaa barakoa na watoto hawakanyagi ndani mpaka vumbi litulie. Tena soma jina kwenye kiroba: zeolaiti ziko za aina nyingi, na iitwayo erionaiti ina nyuzi nyembamba zinazosababisha saratani ya utando wa mapafu. Vijiji vya Kapadokia, hukohuko Uturuki, vilizika watu wengi kwa sababu yake. Kiroba kisicho na jina la aina sikigusi.

Baada ya siku kumi nilichuchumaa tena. Harufu ipo, lakini macho hayakuwasha.

Maranda yale yalipochakaa niliyaozesha, nikayapeleka kwenye mchicha. Mchanga wetu unajulikana: unatia samadi leo, mvua moja kubwa na nguvu yote imezama chini. Nilifanya matuta mawili, moja samadi ya zamani, jingine maranda yenye zeolaiti, ndoo tatu kila moja. Baada ya mvua za Machi tuta la kwanza lilipauka. La pili lilikaa kijani, jiwe likiachia amoniamu kidogo kidogo kwenye mizizi, na nilichuma mpaka wiki ya mwisho ya Aprili.