Mbuzi choma kwenye baridi ya Njombe

Aliyechora ramani ya kiwanja kipya cha nyama choma hapa Njombe mjini nadhani aliichora akiwa Dar, yuko na fulana, feni inazunguka. Vibanda viko wazi pande zote, viti ni vya chuma, taa za rangi zimening'inizwa mitini. Jiko wamelipeleka nyuma kabisa, jirani na stoo ya kreti, ili moshi na joto visisumbue wateja. Mwezi wa saba! Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu unatua kabla jua halijazama vizuri, halafu mtu anatukinga na joto.

Nilikwenda jana na shemeji. Yeye alishasikia sifa zake ofisini kwao, na mji wetu ni mdogo: kitu kikifunguliwa barabara ya Songea, hadi jioni mpaka wauza parachichi wa stendi wana maoni juu yake. Tukakaa tulipoonyeshwa. Dada aliyetuhudumia alikuwa na sweta mbili na bado anatetemeka, ila kwa ukarimu hana mpinzani.

Nyama unakwenda kuichagua mwenyewe, na hapo niwape haki yao. Mbuzi ananing'inia ndani ya kibanda cha nyavu, hakuna nzi, mizani iko mbele ya macho yako. Shemeji akaonyesha kidole mbavuni, mimi nikataka na kipande cha paja. Mchomaji akapima, akachanja, akapaka chumvi na ndimu, basi. Hakuna ule mchanganyiko wa viungo unaotumika sehemu nyingine kuficha nyama iliyolala.

Ikaja kwenye kibao, na kachumbari, pilipili, ndizi za kuchoma na kilima kidogo cha chumvi pembeni. Vipande vya kwanza vilikuwa vitamu kweli: nje pamekauka, mfupani bado pana maji maji, ule ukingo wa mafuta unalia ukiuma. Tukanyamaza wote wawili. Lakini kutoka jikoni hadi mezani ni mwendo, na upepo haukuwa na huruma. Hatujafika nusu ya kibao, mafuta yameshaganda, meupe kama nta ya mshumaa, yananata kwenye kaakaa. Mafuta ya mbuzi ndivyo yalivyo, yanaganda mapema kuliko ya nguruwe. Sijui watu wengine wana sababu gani, ila mimi naamini kitimoto imeshika hivi nyanda za juu kusini kwa sababu hiyo pia: inakupa muda wa kuongea.

Shemeji akasimama na kibao chake. "Twende kwenye moto."

Kumbe wenyeji wameshahamia huko. Watu wamelizunguka jiko, wengine wamekalia kreti, wengine wamesimama, kila mmoja na nyama yake. Mzee mmoja mwenye koti refu jeusi na kofia ya sufu alikuwa amepata ndoo, amekaa juu yake kama mwenye nyumba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kamwene. Sogeeni, huko mbele wanakaa wageni."

Mchomaji hakuona ajabu. Alituchukulia nyama, akairudisha juu ya wavu, mafuta yakaanza kudondoka tena. Nikamwuliza mkaa wake, maana haukuwa na moshi wala cheche. Ni wa miwati, akasema, wa paini hautaki kwa sababu unanuka utomvu na unaacha masizi kwenye nyama. Miwati asili yake Australia. Huku kwetu ilienea na kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa 1949, wakitaka magome yake kwa ajili ya dawa ya kulainishia ngozi za viatu na mikoba. Gome likishabanduliwa, mti unabaki, na mti wa miwati ni mgumu, mkaa wake mzito na unakaa. Kwa hiyo tunachoma mbuzi kwa mabaki ya biashara ya ngozi, na sijaona mkaa unaoupita kwa nyama.

Mwenye kiwanja alipita, akatukuta tumejaa kwenye jiko lake, vibanda vyake vya mbele viko vitupu na taa zinawaka bure. Alijaribu kutuomba turudi mezani. Mzee akamwambia, bila hata kugeuka, "Mwanangu, wewe leta mabenchi hapa, kule mbele weka magari." Watu wakacheka, yeye naye akacheka, lakini niliona anapima kwa macho nafasi kati ya jiko na ukuta.

Nitarudi. Ila sitaagiza kilo nzima kwa mkupuo: ni robo, ukiimaliza ndiyo unaomba robo nyingine, tena ukiwa umesimama pale pale kwa mchomaji. Na jaketi, tafadhali, hata kama umezaliwa Makete.