Kumbe ni ethi, si betri

Wiki tatu mfululizo, asubuhi za baridi hapa Uyole, Mbeya, starta ya pikapu yangu ya mwaka 1994 ilikuwa inazunguka kivivu halafu inakata. Majirani wakawa wanatoka kunisukuma. Fundi mmoja akaniambia ninunue betri mpya. Nikanunua. Siku ya nne, yale yale.

Jumamosi nikaazima mita ya kupimia volti. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kijana wangu akapiga starta: volti 1.4! Hapo haitakiwi kuzidi 0.5. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, kwenye ethi, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari.

Nikafungua hasi kwanza (anza na hasi kila mara, spana isije ikagusa bodi ikapiga shoti). Nilipochana ganda la waya huo, nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, zinapukutika vidoleni kama unga. Na kule kwenye chesisi, bolti ya ethi ilikuwa imekaa juu ya rangi na kutu.

Nikanunua waya mnene Mwanjelwa, nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Mita ikasoma 0.2. Leo alfajiri, ukungu mzito, nimezungusha ufunguo mara moja tu, ikawaka. Betri ya zamani nimeichaji. Ilikuwa nzima kabisa.