Siku yangu na fomu mbili za mtoto mmoja, Chake Chake

Saa 11 alfajiri nshaamka, nikaswali, chai na mkate wa kumimina, saa 1 na nusu niko kliniki. Njia nzima majamvi ya karafuu yanaanikwa, harufu mpaka ndani ya gari.

Saa 2 kaingia mama na kijana wake wa miaka 8, skuli wanasema hatulii. Natumia fomu ya Vanderbilt, ya kuangalia dalili za ADHD, yaani tatizo la umakini na kutotulia, mzazi maswali 55, mwalimu 43, namsomea mama moja moja taratibu. 9 ya mwanzo ni ya kukosa umakini, 9 yanayofuata ya kutotulia, alama 0 mpaka 3, zinazohesabiwa ni 2 na 3, zikifika 6 katika 9 ndo tunaanza kuongea, tena iwe imemuathiri masomo au maisha na wenzake.

Saa 4 nikafungua bahasha ya mwalimu: kukosa umakini 8 katika 9. Ya mama 2 tu! Na dalili lazima zionekane sehemu mbili au zaidi, kama skuli na nyumbani. Wengi hapa husema mama anamficha mtoto, mie sikubali kabisa. Nikarudia swali la kuepuka kazi za kukaa na kufikiri, mama kanishangaa: "Kazi gani hizo daktari? Akitoka chuoni yuko pwani na ami yake mpaka magharibi." Huku mtoto keshafungua mtoto wa meza mara tatu, ndara ya mguu mmoja haijulikani iko wapi. Sasa kama nyumbani hakuna kinachomdai atulie, mama atayaona wapi?

Saa 6, kwa ruhusa ya mama, nikampigia ustadh anayemsomesha mtoto Kurani chuoni. Kasema kichwa anacho, aya akisikia anaishika, lakini kukaa hawezi, "nshamueka mbele yangu tangu mwaka jana".

Bado sijaandika ADHD. Fomu peke yake haitoshi, nataka masikio na macho yapimwe, usingizi wake niujue, na kama huwa anazubaa ghafla akiitwa hasikii, maana hicho chaweza kuwa kifafa.

Mchana wagonjwa wengine, foleni ndefu.

Saa 9 mama karudi kuchukua barua ya kumpa mwalimu, nimeomba mtoto akae mbele na apewe kazi fupi fupi. Kaniuliza kwa sauti ndogo, bibi yake anasema ana shetani, kweli? Nikamwambia hapana mama, wala si malezi yako. Akakaa kimya, kisha akaniomba fomu moja zaidi ampelekee ami mtu, "maana yeye ndo anashinda nae."