Ramani ya Burkitt na Mipaka ya Nadharia ya Maarifa

Mwaka 1969 mwanafalsafa wa Marekani, Quine, alipendekeza kwamba nadharia ya maarifa, yaani tawi la falsafa linalochunguza maarifa ni nini na lini imani ina uhalali, iache kuisimamia sayansi kutoka juu na badala yake iwe tawi la saikolojia, ichunguze tu jinsi binadamu anavyopokea machache kwa hisi zake na kuamini mengi. Nusu ya pendekezo hilo naikubali na nusu naikataa, na sababu zangu zote mbili naziona katika kisa kilichoanzia hapa Kampala, kwenye Hospitali ya Mulago.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya, aina ya saratani, uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama waliwahi kuuona. Ramani aliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua na kukwepa nyanda za juu, naye akahitimisha kwamba huenda mbu ndio wanaoeneza kirusi kinachousababisha. Mwaka 1964 mtafiti Epstein na wenzake mjini London wakakiona kirusi kwa hadubini ya elektroni, ila baadaye ikabainika kwamba huenezwa kwa mate wala si kwa mbu. Wanachoeneza mbu ni malaria, ambayo hudhoofisha kinga ya mtoto dhidi ya kirusi hicho.

Saikolojia ingeweza kutueleza kwa nini Burkitt aliwafikiria mbu. Isingeweza kutueleza kama ushahidi wa wakati ule ulimruhusu kuwafikiria, na kwa maoni yangu ulimruhusu kabisa, ingawa jibu lake halikuwa sahihi. Swali la uhalali haliishi kwa kueleza chanzo cha wazo.

Hata hivyo, Quine ana hoja nzito upande wa pili, anaposema sayansi isisimamiwe kutoka juu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kanuni zilizohusishwa na daktari wa Ujerumani, Robert Koch, zilidai kwamba kisababishi cha ugonjwa kipatikane kwa wagonjwa, si kwa wenye afya. Kirusi cha Epstein kimo mwilini mwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na wengi wao hawaugui saratani hiyo kamwe. Kipimo chenyewe cha kujua kisababishi kilibidi kirekebishwe, na waliokirekebisha walikuwa watu wa maabara na wodi, wakilazimishwa na yale waliyoyaona.