Kigoda cha Bibi

Jumapili, usiku

Konda ndiye aliyenianzishia haya. Jioni moja mwezi uliopita, daladala ya Mbagala imeshona, akapaza sauti: “Mpisheni mama mjamzito hapo!” Nikageuka kumtafuta huyo mjamzito. Kumbe ni mimi. Kijana akainuka, nami, Mungu anisamehe, nikakaa. Njia nzima nimeukumbatia mkoba tumboni kama mtu aliyeiba.

Sina mimba. Nina tumbo linaloamka bapa na kurudi nyumbani limekuwa ngoma. Usiku ule nikaingia kwenye simu kutafuta dawa, na simu, kama kawaida yake, ikanipa zaidi ya nilichoomba. Nikamkuta dada mmoja wa Marekani anajipapasa shingo, kwapa, kisha tumbo, anasema limfu yake, yale majimaji ya mwilini yenye mishipa yake kando na ya damu, ilikuwa imekwama na sasa tumbo limeshuka. Dakika kumi tu, nyumbani, bila gharama. Nikasema haya, mafuta ya nazi ninayo.

Wiki ya kwanza nilijichua alfajiri kama ninayekanda unga wa chapati. Nilipata alama nyekundu kiunoni na tumbo lilelile. Rafiki yangu muuguzi alipoziona alicheka mpaka akakaa chini. “Shoga, unachua limfu au unafua jinzi?”

Akanifundisha. Mishipa midogo ya limfu iko chini kidogo tu ya ngozi. Ukikandamiza sana unaibana badala ya kuisaidia. Mkono uwe mwepesi, unavuta ngozi tu, kama unavyompapasa kichanga usimwamshe. Na haanzi mtu tumboni. Anaanza shingoni, kwenye kile kibonyeo juu ya mtulinga, kwa sababu hapo ndipo limfu yote ya mwili inaporudi kwenye damu. Mimi nilielewa kwa lugha ya Mbagala: kabla hujafagia maji ya uani, zibua kwanza mdomo wa mtaro. Baada ya shingo ni kwapa, kisha kinena, penye zile tezi ambazo zikivimba tunasema mtu ana mitoki. Tumbo linafuata.

Huko Ulaya jambo hili si la jana. Walioliasisi ni Emil Vodder, Mdenmaki, na mkewe Estrid. Miaka ya 1930 walikuwa Ufaransa wakiwahudumia watu wenye mafua yasiyokwisha na tezi za shingo zilizovimba, na mwaka 1936 wakaitangaza njia yao Paris. Tumbo aliloliona konda wangu halikuwa kwenye mipango yao.

Ndipo nikamuuliza muuguzi wangu swali lililonichoma: na gesi je, inatoka? Akanitazama kwa huruma. Gesi iko ndani ya utumbo, haipiti kwenye limfu. Kuchua huku kunaweza kusogeza maji yaliyotuama chini ya ngozi, ule uvimbe wa kuamka nao usoni au wa kukaribia siku zetu, na hata huo hurudi. Kwa tumbo langu akanipa mchuo mwingine, mzito kidogo, unaofuata njia ya utumbo mpana: kutoka nyonga ya kulia panda hadi mbavuni, vuka juu ya kitovu, shuka kushoto. Halafu akaanza kunihoji kama polisi. Unakula saa ngapi? Saa nne usiku. Nini? Maharage, chapati. Unashushia na nini? Nikanyamaza. Soda.

Basi nimehamisha chakula hadi saa moja na nusu, soda nimebakiza Jumamosi, na ninashuka kituo kimoja kabla nitembee. Limfu haina moyo wa kuisukuma. Inasogezwa na misuli tunapotembea na kifua tunapovuta pumzi. Tumbo limepungua, kweli. Nikiulizwa ni mafuta ya nazi au ni soda, nitasema soda. Lakini zile dakika kumi sijaziacha. Ndizo pekee kwa siku nzima ambazo hakuna anayeniita.

(Alinionya pia: tumbo linalojaa kila siku kwa wiki kadhaa bila kupungua lipelekwe hospitali, lisichuliwe. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiuguse, huenda ni damu iliyoganda.)

Mguu. Hapo ndipo nimekwama tangu jana.

Bibi yangu wa Pangani alikuwa na matende mguu wa kushoto. Kila siku baada ya Isha ilikuwa beseni, maji na sabuni, anaosha taratibu hadi katikati ya vidole, anakausha kwa kanga kuukuu. Kisha sauti: “Mke mwenzangu, niletee kigoda!” Namletea, anauinua mguu juu yake, anazungusha kifundo huku ananitania kuhusu Babu. Mimi nilidhani ni uzee. Sasa najua kwamba vidudu vya matende, vinavyoletwa na mbu, huishi ndani ya mishipa hiihii ya limfu na kuiharibu, na kwamba kuosha, kuinua na kuzungusha ndiko kulikomkinga na vidonda na homa. Kampeni ya nchi ya kugawa dawa za kumeza za matende ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Mguu wa Bibi ulikuwa umeshavimba siku nyingi.

Leo nimempigia mama kumuuliza kama kile kigoda kipo.

“Kipo. Naanikia dagaa juu yake.”

Nikamwambia nakitaka.

“Njoo ukichukue mwenyewe,” akasema, “na uje na sabuni, kinanuka.”