Mkiniuliza Marekani, nitawasimulia Mjerumani

Tangu nirudi Moshi kila anayenitembelea ananiuliza Marekani kukoje, na usoni naona anasubiri maghorofa. Pole zake. Mimi nimeishi kaskazini mwa Iowa, jimbo lenye nguruwe wengi kuliko watu. Ni mahindi, soya, barabara za changarawe zisizo na kona, na Januari ambayo ukitoka na nywele mbichi zinaganda kabla hujafika kwenye gari. Nilibeba boksi kama wenzangu, ila boksi langu lilikuwa wazee. Nilikuwa nesi msaidizi kwenye nyumba ya kulelea wazee: kuogesha, kugeuza, kulisha, kubadilisha mashuka. Aliyenifundisha nchi ile alikuwa mmoja wa wazee hao, na wala hakuzaliwa pale.

Jina lake silitaji, watoto wake wapo. Nilimwita Bibi, kwa Kiswahili hivyo hivyo, naye akaitika. Wenzangu kazini, tukipokezana zamu, walisema "yule Mjerumani wa chumba cha mwisho". Alikuwa ameishi Iowa tangu 1947, amezaa pale, amezika mume pale, na bado akawa yule Mjerumani.

Kwao ni Kassel. Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1943 ndege za Waingereza ziliuteketeza mji huo, naye alikuwa binti wa miaka kumi na sita, amejificha na mama yake na mdogo wake kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kaka yake alikuwa amekwenda vitani Urusi na hakurudi, hata barua. Baba naye hivyo hivyo. Vita ilipoisha njaa ndiyo ikaanza. Pesa ya serikali haikununua kitu, watu walifanya biashara kwa sigara za Kimarekani. Mama yake aliuza saa ya ukutani akapata viazi.

Wamarekani ndio walioitawala sehemu ile, na mwanzoni askari wao walikatazwa kabisa kuzoeana na Wajerumani, hata kusalimiana. Ukikamatwa faini dola 65. Katazo hilo lililegea miezi michache baada ya vita, kwa sababu halikuwezekana, lakini kuoana kulibaki marufuku hadi Desemba 1946. Hapo ndipo kijana mmoja wa shambani, dereva wa lori la jeshi, alipopeleka maombi. Ruhusa ya kamanda. Mahojiano na mchungaji wa jeshi. Picha ya mapafu. Hati ya polisi. Ile fomu ya maswali 131 waliyojazishwa Wajerumani kujua nani alikuwa Mnazi na kwa kiasi gani. Kisha meli kutoka Bremerhaven hadi New York, na treni siku nzima na usiku na siku tena.

Najua mtasema aliokota dodo chini ya mwarobaini. Hata Iowa walisema hivyo, kwa maneno yao, na wengine hawakuficha kwamba walimwona mtafuta mkate. Nilipomuuliza alinijibu bila aibu: "Nilimpenda. Na nilikuwa na njaa. Kipi kilitangulia sikumbuki." Mimi nampa haki. Wangapi kati yetu tuliokwea ndege tunaweza kusema kwa hakika tulifuata nini?

Sasa sikilizeni alichokikuta. Binti wa mjini, aliyekua akipanda tramu na kuwasha taa ukutani, alishushwa kwenye nyumba ya mbao isiyo na umeme. Maji ya pampu ya mkono. Choo cha nje, na ni theluji. Mashambani kule umeme ulichelewa sana: katikati ya miaka ya 1930 ni shamba moja tu kati ya kumi nchini kote lililokuwa nao, na kwa wakwe zake uliingia mwaka mmoja baada ya yeye kufika. Alikuwa akilia chooni, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye komeo.

Na kilichomkata maini zaidi si umeme. Wakwe zake walikuwa Wajerumani! Babu zao walihama karne ya kumi na tisa, na kanisa lao la Kilutheri liliimba Kijerumani mpaka 1918, gavana wa Iowa, William Harding, alipotangaza kwamba shuleni, kwenye mikutano, kwenye simu na hata kanisani ni Kiingereza tu. Ilikuwa vita ya kwanza, Wajerumani ndio adui. Watu waliogopa, wakafunga midomo, na hofu ilipopita midomo haikufunguka. Mama mkwe wake alielewa kila neno. Kwa miaka yote waliyopika jiko moja, Bibi akisema kwa Kijerumani, mama mkwe alijibu kwa Kiingereza, taratibu, kana kwamba anamfundisha mtoto. Ni siku ya kufa tu ndipo alipoomba maji kwa lugha ya mama yake, na katika chumba kizima aliyemwelewa ni mkwe.

Jirani wa shamba la pili alikuwa amempoteza mwana Ulaya. Kanisani alikaa benchi la nyuma yake, na wakati wa kupeana mikono aligeukia upande wa pili. Bibi hakumlaumu hata mara moja mbele yangu. Aliendelea kumpelekea mayai. Kilichowapatanisha mwishowe ni mablanketi ya viraka yanayoshonwa na akina mama wa Kilutheri kwa ajili ya wakimbizi wa nchi mbalimbali: walijikuta wakishona blanketi moja kutoka pande mbili, na sindano zikafika katikati.

Ajabu ni kwamba Wajerumani wengine walikuwa wamependwa pale pale. Mji wa Algona, si mbali, ulikuwa na kambi ya wafungwa wa vita tangu 1944, na wakulima ambao vijana wao walikuwa vitani waliwachukua wafungwa hao kufanya kazi mashambani. Mmoja wao, Eduard Kaib, akisaidiwa na wafungwa wenzake, alitengeneza mandhari ya kuzaliwa Yesu, sanamu zaidi ya sitini, na zipo hadi leo, zinaoneshwa kila Krismasi. Bibi alikwenda kila mwaka. Desemba ambayo miguu ilikataa kabisa nilimsukuma mimi kwa kiti cha magurudumu. Mnajua Desemba ni nini kwetu, barabara yote ya kutoka Dar imejaa Wachaga wanaopanda nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kondoo wa saruji, na kwetu wanachinja mbuzi.

Siku ile ndipo aliponiuliza kwetu hasa ni wapi. Nikamwambia Kidia, Old Moshi, na kwamba wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, ndiyo maana nyimbo zake nyingi nazijua. Hakuamini. Nikamvumishia mmoja, akaupokea kwa Kijerumani pale pale. Tukaimba njia nzima.

Lakini nisingeweza kuishia kwenye nyimbo. Siku nyingine nilimweleza habari za Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, ambaye Wajerumani walimnyonga hadharani Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na kwamba inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wajukuu bado wanakitafuta. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Mmekitafuta Berlin?" Hakusema pole, wala hakunitajia kaka yake aliyepotelea Urusi, ingawa najua alimfikiria. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu mwingine angenipa msiba wake ili tulingane.

Mama yake alifariki 1958. Simu ya maandishi ilifika nguruwe wakiwa wanazaa, na nauli haikuwepo. Mara ya kwanza kurudi Kassel ilikuwa 1969. Mji umejengwa upya, mitaa mipana, hakuona kona hata moja aliyoijua. Madukani walimchekea, Kijerumani chake kilikuwa kimezeeka kuliko yeye. Mdogo wake alimpokea vizuri mno, akatandika meza, akamkabidhi picha za mama, na siku ya tatu akamuuliza, "Unarudi nyumbani lini?"

Alipokuwa akinisimulia nilimsikitikia kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Basi nimefika Moshi, nimeleta kontena, nimeshapanda migomba, nimemwandikisha mtoto shule, na bado dukani, kanisani, kwenye pombe ya mbege, swali ni hilo hilo: "Dada, unarudi lini?" Nikisema sirudi wanacheka, wengine wananitazama kwa huruma kidogo, wakidhani nimefukuzwa. Kichaga changu watoto wa ndugu zangu wanakiiga wakidhani sisikii.

Mama yangu ndiye pekee anayetaka kumsikia Bibi. Jioni moja, baba mkubwa akiwepo, aliniuliza, "Walimzika wapi?" Nikamwambia kando ya mume wake, makaburi ya kanisa, mahindi pande zote.

"Basi yuko kwake," mama akasema. "Ameolewa, amezikwa kihambani kwa mume. Unamlilia nini?"

Nikamwambia si rahisi hivyo, mama. Baba mkubwa akanikata. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: mahari ilipokelewa na nani, ikiwa baba wa binti na kaka wote walipotea vitani?

Nikasema yule kijana alimpelekea mama wa binti katoni mbili za sigara na kahawa. Nikaeleza kwamba sigara wakati ule ilikuwa ndiyo pesa. Baba mkubwa akapiga hesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya kubisha hodi. Watoto wake waliwahi kwenda kwa wajomba?"

Mmoja, nikasema. Alikuwa mwanajeshi, akapangiwa kambi ya Ujerumani miaka ya sabini. Kila likizo alikwenda Kassel kwa mama yake mdogo, na kiangazi kimoja alimwezekea paa lote.

"Paa lote?"

"Lote."

"Ya bati au vigae?"

Vigae, nikamwambia.

Baba mkubwa akajiegemeza, akaomba aongezewe mbege. "Basi huyo ndiye aliyemalizia."